Sura ya Sita: Sarafu ya 1780 Inauzwaje?

Hakuna swali kuhusu sarafu za zamani linaloulizwa mara nyingi kuliko hili: inauzwaje? Mzee wa nyumba amefariki, kabati limefunguliwa, na nyuma ya vikombe vya kahawa limekutwa kopo la maziwa ya unga lenye sarafu arobaini au hamsini. Moja ni kubwa na nzito, ina sura ya mwanamke mnene na mwaka 1780. Nyingine zina kichwa cha mfalme, nyingine zina tundu katikati, na chache hazina hata herufi moja ya Kilatini. Picha hupigwa kwa simu na kutumwa kwenye kundi la familia, na kabla jua halijazama kila mtu ana bei yake. Mmoja anasema ni mamilioni, kwa kuwa sarafu ina zaidi ya miaka mia mbili. Mwingine anasema hivyo ni vyuma chakavu, apelekewe sonara avipime kwa gramu na kuviyeyusha. Wote wawili wameshatoa hukumu na hakuna aliyeisoma sarafu yenyewe.

Hoja ya sura hii ni kwamba bei ni swali la mwisho. Anayelitanguliza hupata hasara, ama kwa kuuza kitu adimu kwa bei ya kutupa, ama kwa kukaa miaka akimsubiri tajiri aje kununua kitu ambacho sokoni kimejaa tele. Kabla ya bei kuna mambo ya kujua: sarafu ilitolewa na nani, lini hasa, wapi, kwa metali gani, ziko ngapi, na hii uliyoishika imechakaa kiasi gani. Asiyeyajua hayo, hata akitajiwa bei ya haki, hana namna ya kutambua kuwa ni ya haki. Na imani ya kwanza ya kuachana nayo ni ile iliyoenea kuliko zote, kwamba umri wa sarafu ndio thamani yake.

Tutatumia kopo la kwetu, la aina inayopatikana Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, au huko bara kwenye njia za misafara na reli kama Tabora na Ujiji. Kopo hilo linamfaa anayejifunza kwa sababu karibu kila kilichomo kilitoka ng'ambo, na lugha yetu bado inayakumbuka majina. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, paisa ya Kihindi, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Hela ni Heller ya Wajerumani, ambayo 100 zilikuwa rupia. Thumuni ni sehemu ya nane kwa Kiarabu. Ilikuwa thumuni ya riale kabla jina halijahamia kwenye senti hamsini. Na fedha ilikuwa madini kabla ya kuwa jina la mali yoyote. Anayesema leo kwamba hana hela anataja sarafu ambayo huenda imo kabatini kwa babu yake.

Mwanamke wa 1780

Tuanze na ile kubwa, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Upande mmoja una mwanamke aliyefunikwa ushungi, na maandishi ya Kilatini yanayoanza na M. THERESIA. Upande wa pili una tai mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Huyu ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, na sarafu yake huitwa thala katika nchi yake. Wazee wa pwani waliiita riale ya Sham. Walikuwa nayo pia riale ya mzinga, sarafu ya Wahispania yenye nguzo mbili ambazo kwa jicho la pwani zilionekana mizinga. Jina hilo ni la watu waliozoea kuzitazama sarafu kwa makini.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Kwa desturi, sarafu yake ingekoma hapo na mrithi wake angeweka sura yake mwenyewe. Lakini wafanyabiashara wa Yemen, wa Uhabeshi na wa Bahari ya Shamu walikuwa wameshaizoea sarafu hiyo kwa uzito wake na fedha yake, na hawakutaka nyingine. Basi Austria ikaendelea kuipiga chapa bila kubadili mwaka. Kupiga chapa ni kugandamiza kipande cha metali kati ya mihuri miwili ya chuma, na mahali pa kazi hiyo tutapaita kiwanda cha sarafu. Mwaka 1858 riale hiyo iliacha kuwa pesa halali kwao Austria, ila viwanda havikusimama. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alijipatia mihuri, na Roma ikaanza kuipiga. Baada ya hapo Waingereza nao wakaipiga London, na baadaye Bombay na Birmingham. Ikapigwa Paris na Brussels pia. Vienna bado wanaitoa mpaka leo. Zote hizo, mamia ya mamilioni, zimeandikwa 1780.

Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye sarafu na mwaka ilipopigwa ni vitu viwili. Riale iliyomo kopeni inaweza kuwa ya enzi za Napoleon, inaweza kuwa ya enzi za Sayyid Barghash wa Zanzibar, na inaweza kuwa imetoka kiwandani London baba yako akiwa mtoto. Je, hiyo ya London ni bandia? Hapana. Bandia ni sarafu iliyotengenezwa kwa siri ili kudanganya, mara nyingi kwa metali duni. Hii ilipigwa na kiwanda cha serikali, kwa uzito uleule wa gramu 28.07, na fedha ileile ya sehemu 833 katika 1,000. Sarafu ya namna hii tutaiita marudio. Marudio ni ya kweli, lakini hayana uchache wa sarafu ya kwanza, na bei yake kwa kawaida haipandi mbali na bei ya fedha iliyomo.

Wanaotaka kujua riale yao ilipigwa wapi huchukua kioo cha kukuzia na kutazama mambo ambayo mpita njia hayaoni. Chini ya kifua cha malkia kuna herufi S.F.; ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, na ziliendelea kunakiliwa hata wenyewe walipokuwa wamekwisha kuzikwa. Begani kuna bizimu yenye lulu ndogo ndogo, na idadi ya lulu hizo hutofautiana kati ya mihuri. Manyoya ya mkia wa tai nayo huhesabiwa. Ukingoni, yaani kwenye unene wa sarafu, kuna maneno yaliyochomoza IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Ukingo usio na maneno hayo ni dalili mbaya.

*Kwa ufupi: mwaka ulioandikwa ni ushahidi mmojawapo, na haujitoshelezi.*

Kuisoma sarafu

Rupia ya Uhindi, ambayo ndiyo iliyotawala masoko ya Mombasa na Unguja katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ina somo hilohilo kwa namna nyingine. Rupia nyingi za malkia Victoria zimeandikwa 1862. Hazikupigwa zote mwaka huo. Mwaka uligandishwa, na rupia za 1862 ziliendelea kutoka mpaka 1874, zikitofautishwa kwa nukta ndogo ndogo. Ukiona VICTORIA QUEEN, ni kabla hajatangazwa kuwa mtawala mkuu wa Uhindi. Kuanzia rupia za 1877 neno likawa EMPRESS. Asiyejua Kiingereza wala Kilatini anaweza kuyasoma hayo yote kwa kulinganisha herufi tu.

Sarafu zenye Kiarabu huwatisha wengi bila sababu. Mwaka wake huwa wa Hijria, na tarakimu zake hujifunzwa kwa robo saa: nukta ni sifuri, duara dogo ni tano, mfano wa V ni saba, na V iliyopinduliwa ni nane. Kubadili mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia, uzidishe kwa 0.97 kisha uongeze 622. Chukua ile pesa nyekundu ya shaba yenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Imeandikwa 1299. Ukizidisha unapata 1,260. Ukiongeza 622 unapata 1882. Hiyo ni pesa ya Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar, na jina lake limo katika maandishi hayo, pamoja na dua ya kuomba Mungu amhifadhi. Kuna ya pili yake ya 1304, ambayo kwa hesabu hiyo inaangukia 1887 au mwaka mmoja kabla.

Sarafu za Wajerumani nazo ziko za namna mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Kuanzia 1890 zilitolewa na kampuni, ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na pesa zake za shaba zina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili. Rupia yake ina Kaisari Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya vita, na nyuma yake simba na mnazi. Kuanzia 1904 ni serikali yenyewe, nayo ikaacha pesa 64 na kuhesabu hela 100. Hizi za serikali zina herufi ndogo inayotaja kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Herufi hiyo tutaiita alama ya kiwanda. Ni ndogo kama punje ya mchele, na mara nyingine ndiyo inayotenganisha sarafu ya kununulia maji na sarafu ya kununulia shamba. Ukiona T, acha kila kitu ukae chini, tutairudia.

Kwa kila sarafu, andika haya kwenye daftari kabla hujamuuliza mtu bei:

- maandishi yote yanayosomeka, pande zote mbili na ukingoni;
- picha: kichwa cha nani, mnyama gani, nembo gani;
- mwaka, na kama ni wa Hijria au Miladia;
- herufi ndogo zilizojificha chini ya kichwa, chini ya mwaka au karibu na ukingo;
- uzito kwa gramu hadi nukta mbili, na upana kwa milimita;
- rangi ya metali, na kama inavutwa na sumaku.

Uzito usipuuzwe. Mizani ya sonara inatosha. Rupia ya Uhindi ni gramu 11.66, na ile ya Wajerumani ilifanywa iwe na uzito huohuo ili ikubaliwe sokoni. Rupia ya gramu 9 si rupia iliyochakaa. Kuchakaa hakuli kiasi hicho.

Umri, uchache na kutakiwa

Sasa tunaweza kuijia thamani. Thamani ya sarafu juu ya metali yake hutokana na mambo matatu yanayokutana: zimebaki ngapi, wangapi wanazitaka, na ziko katika hali gani. Umri haumo. Huingia kwa mlango wa nyuma tu, kwa kuwa vitu vya zamani mara nyingi, wala si mara zote, vimepungua.

Ushahidi ni rahisi kuupata kopeni. Tafuta senti kumi ya Afrika Mashariki, ile kubwa ya shaba yenye tundu, iliyoandikwa 1936 na jina EDWARDVS VIII. Edward wa Nane alirithi ufalme wa Uingereza Januari 1936 na kujiuzulu Desemba mwaka huohuo ili amwoe mwanamke aliyempenda. Hakutimiza mwaka. Kwao Uingereza hakuna sarafu yenye kichwa chake iliyoingia madukani. Chache za majaribio zilipigwa, na moja kati ya hizo, ya dhahabu, iliuzwa mwanzoni mwa 2020 kwa pauni milioni 1. Anayesikia habari hiyo na kuikuta senti kumi ya Edward kabatini ana haki ya kushtuka. Lakini sarafu zetu zenye tundu hazikuwa na kichwa cha mfalme. Zilihitaji jina lake tu, kwa hiyo viwanda havikusubiri picha, vikazipiga mara moja kwa mamilioni. Zilienea Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na zimebaki tele. Mfalme yuleyule: moja ni pauni milioni, nyingine haifiki bei ya chakula cha mchana. Kilichozitenganisha ni idadi.

Upande wa pili wa mfano huo ni herufi T. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilizifunga bandari za Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sarafu zikaacha kuja kutoka Ulaya. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, Wajerumani wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe. Hela 5 na hela 20 zilipigwa kwa shaba na shaba njano, kwa haraka, na haraka hiyo inaonekana: herufi zimepinda, kingo hazilingani. Zikapigwa pia sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke, zenye tembo aliyenyanyua mkonga na mlima nyuma yake. Zilikuwa 16,198. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, na kazi ikafungwa. Rupia 15 ya Tabora hutafutwa na wakusanyaji Ujerumani, Uingereza, Marekani na kwingineko, na huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya dhahabu yake. Ina umri mdogo kuliko riale ya 1780 kwa zaidi ya karne, na inaipita kwa thamani bila kulinganishwa. Hata hivyo hela 20 ya Tabora, iliyotoka karakana ileile na mwaka uleule, si adimu. Zilipigwa nyingi mno, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuinunua. Basi hata kisa cha kusisimua hakitoshi. Lazima uulize ngapi.

Idadi iliyopigwa nayo si idadi iliyobaki, na hapa ndipo panapohitaji akili ya ziada. Rupia ya George wa Tano ya 1911 inaonyesha kwa nini. Mfalme alivaa joho lenye mkufu wa tembo wadogo, na mchongaji alimfanya tembo mmoja kuwa na mkonga mfupi mno. Watu wa Uhindi wakaona nguruwe kifuani mwa mfalme, na Waislamu wengi wakakataa kuishika. Ikaondolewa sokoni, nyingi zikayeyushwa, na kuanzia 1912 mkonga ukachongwa upya. Ndiyo maana rupia ya 1911 huwa na bei kuliko ndugu zake wa 1912 na kuendelea, ingawa fedha yake ni ileile. Anayepima kwa gramu peke yake hataijua tofauti hiyo kamwe.

*Kwa ufupi: uliza zimebaki ngapi na nani anazitaka. Usiulize ina miaka mingapi.*

Sakafu ya bei

Yapo yanayosemwa dhidi ya maelezo haya, na la kwanza ni la sonara: haya yote ni hadithi, metali ndiyo mali. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Metali ni sakafu; sarafu ya fedha au dhahabu, ikiwa ya kweli, haipaswi kuuzwa chini ya metali iliyomo, ukiondoa faida ndogo ya mnunuzi. Na hesabu yake kila mtu anaweza kuifanya. Riale: gramu 28.07 mara 0.833 ni gramu 23.4 za fedha safi. Rupia ya Uhindi ya Victoria: 11.66 mara 0.917, karibu gramu 10.7. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946, yenye simba na milima: gramu 7.78, lakini fedha yake ni robo tu, yaani gramu 1.9. Inahitaji shilingi kumi na mbili za namna hiyo kupata fedha ya riale moja. Na ile ya kuanzia 1948, yenye simba yuleyule, haina fedha hata chembe; ni shaba na nikeli. Bei ya fedha hutangazwa kila siku kwa wakia, na wakia ya madini ni gramu 31.1. Gawanya, zidisha, unaijua sakafu yako kabla hujatoka nyumbani.

Ila sonara anapolipa sakafu kwa kila kitu, anaichukua rupia ya 1911 kwa bei ya rupia ya 1912, na kuiyeyusha. Hapo muuzaji amepoteza, na zaidi ya muuzaji: imepungua moja duniani, na hairudi.

Kuna njia ya kujua kama riale ni ya fedha bila kuikwaruza. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya sonara na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uitumbukize yote majini bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Riale ya kweli ya gramu 28.07 itaonyesha karibu 2.8. Ikionyesha 3.1 au zaidi, kilichomo ndani si fedha hiyo, hata kama uzito wake hewani ulikuwa sahihi. Kisha ifute kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini, usiisugue.

Ndimu na majivu

Hilo la kusugua linahitaji nafasi yake, kwa kuwa katika nyumba zetu ndilo linaloua thamani nyingi kuliko wizi. Mtu akitaka kuonyesha sarafu kwa mnunuzi huona aibu kuipeleka ikiwa nyeusi. Anachukua ndimu na majivu, au dawa ya meno, au sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, na baada ya dakika tano ina mng'ao wa kijiko kipya. Kwa macho yake ameiongezea bei. Mkusanyaji anaigeuza kwenye mwanga, anaona mikwaruzo elfu moja myembamba inayokimbia upande mmoja, na anaipunguzia bei nusu au anairudisha.

Kwa nini awe mkali hivyo? Fedha inapokaa hupata utando wa kijivu, wa kahawia au mweusi. Utando huo ni ngozi ya juu ya sarafu iliyobadilika taratibu kwa hewa, na chini yake mistari midogo iliyoachwa na muhuri bado iko. Anayesugua huondoa utando pamoja na mistari hiyo. Wakusanyaji wa Marekani hupima hali kwa daraja la 1 hadi 70, ambapo 70 ni sarafu isiyo na dosari hata kwa kioo cha kukuzia. Kwingine hutumia maneno kama "nzuri" au "nzuri sana". Vyovyote vile, sarafu iliyosuguliwa hutolewa nje ya daraja. Sawa na hiyo ni riale iliyotobolewa au kuchomelewa kikonyo ili ivaliwe shingoni. Kama kidani inaweza kuwa nzuri mno, na bibi aliyeivaa ana thamani yake. Kama sarafu imeshuka hadi sakafu.

Wengine watasema kutu ya kijani kwenye shaba si utando mzuri, inakula sarafu. Ni kweli. Kijani kinachopukutika kama unga hupaswa kusimamishwa, lakini kazi hiyo ni ya mtaalamu wa makumbusho. Kwa nyumbani inatosha kuiweka kavu. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Weka kila sarafu kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, na tupia kopeni vile vifuko vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mifuko ya plastiki laini iepukwe, kwani aina nyingi hutoa utelezi wa kijani baada ya miaka.

Bei ya kutajwa na bei ya kulipwa

Pingamizi la mwisho huja na simu mkononi: mbona mtandaoni riale ya 1780 imewekwa dola elfu kadhaa? Imewekwa, ndiyo. Mtu yeyote anaweza kuweka bei yoyote, kama mchuuzi anavyoweza kuitaja embe moja kwa bei ya gunia. Bei inakuwa bei pale mtu anapoilipa. Minada mikubwa na masoko ya mtandaoni huonyesha pia bei zilizolipwa, na hizo ndizo za kutazama, tena kwa sarafu ya aina ileile, alama ya kiwanda ileile na hali ileile. Tazama nyingi, uache ya juu kabisa na ya chini kabisa. Vitabu vya orodha za bei navyo vinafaa, ukikumbuka kwamba huwa vinataja bei ya dukani. Mwenye duka akinunua kwako atalipa pungufu, naye hajakudhulumu. Ana pango la kulipa na huenda akakaa nayo mwaka mzima. Dhuluma ni pale anapokataa kukuambia ni sarafu gani huku akikuharakisha uuze. Mwenye daftari la uzito na maandishi haharakishwi.

Tumezungumzia kopo la kabatini. Sarafu iliyotoka ardhini ina hukumu tofauti. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, ndogo, za masultani wa Kilwa, zile ambazo hazina mwaka na ambazo jina la sultani upande mmoja lina vina na dua ya upande wa pili. Alizihifadhi kwenye kopo hadi 1979 alipozipeleka zichunguzwe. Shaba ya Kilwa kama shaba ni ya bei ndogo. Kilichowafanya wataalamu wahangaike mpaka leo ni kwamba zilikutwa huko, na kwamba Isenberg alikuwa ametia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Vivyo hivyo Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zilizochimbuliwa na wanaakiolojia zilitufunza mengi kuhusu miji ya Waswahili wa kale kwa sababu zilikutwa pamoja, katika tabaka lake la udongo, na hakuna aliyewahi kuzigawa.

Ukiziona sarafu kwenye gofu, pwani baada ya mawimbi makubwa au shimoni unapochimba msingi, usizifute, usizigawe, na usimwite dalali. Piga picha zikiwa palepale, weka alama mahali, na uwaite watu wa mambo ya kale au makumbusho ya karibu. Sheria za Tanzania na za Kenya zinavilinda vitu hivyo, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.